Sufu, sindano na wahusika wa filamu wanaopendwa na watoto wetu

Shule zikifungwa, filamu hufunguliwa. Mtoto aliyekuwa akiamshwa kwa tabu ili awahi basi la shule sasa huamka mwenyewe, kwa ajili ya joka jeupe lipaalo mawinguni, au mzee mwenye ndevu ndefu na kofia iliyochongoka, au kiumbe mkubwa wa manyoya alalaye ndani ya shina la mti. Filamu ikiisha huanza ombi ambalo kila mzazi amelisikia: “Mama, ninunulie yule.” Na huyo “yule” dukani yupo, ametoka kiwandani akiwa wa plastiki, na aghalabu umri wake haufiki likizo inayofuata.

Wiki hii ukurasa wa familia unapendekeza kwamba mwanasesere huyo asinunuliwe, bali mtoto amtengeneze mwenyewe kwa sufu ya kondoo na sindano. Ni kazi ya mikono iliyoenea sana Japani, Ulaya na Marekani, na katika nyumba zetu ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Inamtoa mtoto katika kukaa akitazama na kumwingiza katika kutenda. Lakini pia inaleta ndani ya nyumba ya Kiislamu suala la sanamu, na suala hilo halifai kuachwa liamuliwe kwa ugomvi wa sebuleni.

Kwanza tuufahamu ufundi wenyewe. Si kushona wala si kufuma, na hauhitaji uzi wala gundi. Mtengenezaji huchukua fungu la sufu iliyochanwa, huliviringa, kisha hulidunga kwa sindano maalumu mara mia kadhaa. Kadiri anavyodunga ndivyo sufu inavyojishika yenyewe kwa yenyewe, hadi lile fungu jepesi linakuwa donge gumu lenye umbo alilolikusudia.

Siri imo katika unywele wa kondoo. Ukitazamwa kwa hadubini, unywele huo umefunikwa na magamba madogo yaliyopandana kama vigae vya paa. Nyuzi mbili zikisukumwa pamoja, magamba yao hung’ang’aniana na hayaachani tena. Sindano nayo haifanani na ya kushonea. Sehemu yake ya chini kwa kawaida huwa na pande tatu, na kwenye kingo za pande hizo kuna vijino vidogo vilivyoelekea chini. Inaposhuka, vijino hukamata nyuzi na kuzizamisha ndani. Inapopanda, huziacha huko huko. Basi kila dungo ni kama fundo dogo lisiloonekana.

Hapa pana neno la kuangaliwa. Sufu siyo sufi. Sufi itokanayo na msufi, ile tunayojazia mito na magodoro, ina nyuzi laini zenye utelezi na hazina magamba. Ukiidunga kutwa nzima itabaki vilevile. Pamba nayo haifai. Sufu ni manyoya ya kondoo, neno tulilolitwaa katika Kiarabu, na wanazuoni wengi husema kwamba ndilo hilo walilopewa Masufi wa mwanzo kwa sababu ya kanzu zao nzito zisizo na anasa.

Na mzazi atakayemkalisha mwanawe mbele ya sufu iliyochambuliwa, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi, asiiache fursa iliyopo. Watoto wengi wa madrasa wamehifadhi Surat al-Qaari‘ah, nayo inaifananisha milima ya Siku ya Kiyama na sufu ya namna hiyo. Mtoto aliyekwisha kuishika sufu, akaipuliza na kuiona ikiondoka, ataisoma sura ile kwa namna nyingine.

Kugeuza sufu kuwa kitu kigumu ni ufundi wa kale, na sehemu kubwa ya walioutunza ni Waislamu. Wafugaji wa Asia ya Kati, Wakirgizi, Wakazaki na Waturkmeni, wameishi kwa karne nyingi ndani ya mahema ya felti, yaani kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa bila kufumwa. Mazulia ya felti ya Wakirgizi, ala-kiyiz na shyrdak, yaliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Huko Uturuki wachungaji wamevaa majoho mazito ya felti. Hata sanamu ndogo si jambo jipya: katika makaburi ya Pazyryk kwenye milima ya Altai walipatikana mabata-maji wa felti waliojazwa ndani, wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na sasa wamo katika makumbusho ya Hermitage mjini St Petersburg.

Lakini hao wote walitumia maji ya moto, sabuni na nguvu ya kuviringa. Sindano yenye vijino ilizaliwa viwandani katika karne ya 19, ikapangwa kwa maelfu kwenye mashine za kushindilia felti. Ni katika miaka ya 1980, huko Massachusetts nchini Marekani, David na Eleanor Stanwood walipoichukua sindano moja ya mashine wakaishika kwa mkono na kuanza kuunda nayo. Kutoka hapo ufundi ukaenea. Japani ukapata mashabiki wengi mno, na maduka ya huko huuza vifurushi vyenye sufu, sindano na maelekezo kwa ajili ya kiumbe mmoja mmoja. Na kwa kuwa sufu inafanana na manyoya kuliko kitu kingine chochote, ilikuwa lazima watu waanze kuwatengeneza viumbe wa filamu za njozi.

Sasa tufike kwenye lile la sebuleni.

Katika nyumba moja ya Tanga niliyoitembelea, binti wa miaka kumi na mmoja alikuwa amemaliza kiumbe wake wa kijivu na kumweka juu ya kabati, upande wa kibla. Bibi yake aliingia kutandika msala kwa ajili ya Magharibi, akasita.

“Mjukuu wangu, liondoe hilo sanamu. Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu.”

“Bibi, huyu si sanamu, ni mwanasesere wa kuchezea. Nimemtengeneza mwenyewe.”

“Nami nakwambia ananitumbulia macho ninaposali.”

Mama wa binti alinyamaza, maana mbele yake alikuwa mama mkwe na nyuma yake alikuwa mtoto aliyefanya kazi ya siku tatu. Ukweli ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na hoja, na si vibaya tukazipima hoja hizo kwa utulivu.

Hadithi kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa au picha ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim. Hakuna wa kuipuuza. Lakini Maimamu haohao wawili wamepokea kwamba Bi Aisha (RA) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (SAW), na kwamba rafiki zake wadogo walipojificha kwa kumwonea haya Mtume alipoingia, yeye mwenyewe alikuwa akiwapeleka kwake waendelee kucheza. Abu Dawud naye amepokea kisa ambacho kinatuhusu moja kwa moja. Mtume (SAW) alirejea kutoka safari ya vita, upepo ukainua pazia la pembe alimoweka Bi Aisha wanasesere wake, akaona katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Alipomuuliza ni farasi gani mwenye mabawa, Bi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha habari za farasi wa Nabii Sulaiman (AS) waliokuwa na mabawa. Mtume alicheka hadi magego yake yakaonekana.

Tukitafakari kisa hiki, hakimtaji mwanasesere wa kawaida tu. Farasi mwenye mabawa si kiumbe aliyemwona mtaani. Alimjua kwa kusikia habari, akamtaka awe mikononi mwake, akawa naye wa matambara. Binti wa leo anayetaka kiumbe aliyemwona katika filamu yumo katika hali iliyo karibu na hiyo, ingawa habari za Mitume na hadithi za kubuni hazina daraja moja, na hilo aambiwe.

Kuna na hadithi ya Bi Rubayyi‘ bint Mu‘awwidh (RA), ambayo aghalabu hutajwa katika mlango wa funga. Ansari wa Madina walipokuwa wakiwazoeza watoto wao kufunga siku ya Ashura, waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu, na mtoto akililia chakula hupewa kitu hicho kimliwaze mpaka wakati wa kufuturu. Vya sufu, ndivyo hadithi inavyosema. Kwa hiyo anayedhani kwamba mchezo wa sufu ni mambo ya Wajapani tu atakuwa ameusahau mji wa Mtume wake.

Kwa dalili hizi wengi wa wanazuoni wamewatoa wanasesere wa watoto katika katazo la sanamu. Qadhi Iyadh aliinukuu kuwa ni rai ya wengi, akataja kwamba mchezo huo huwazoeza mabinti malezi na mambo ya nyumbani. Wapo waliokwenda kinyume: Ibn Battal alielekea kuona kwamba ruhusa hiyo ilifutwa. Na katika zama zetu wapo waliotofautisha baina ya mwanasesere wa sufu au matambara asiye na sura ya wazi na yule wa plastiki anayefanana na mtu hadi kope, wakamruhusu wa kwanza bila shaka na kumtilia shaka wa pili. Ieleweke pia kwamba ruhusa tunayoizungumza ni ya mchezo wa watoto. Mtu mzima anayetaka kupanga safu ya viumbe kwenye kabati kuwa pambo ana suala jingine, na hilo alipeleke kwa sheikh wake.

Na Bi mkubwa wa Tanga? Yeye pia ana hadithi yake. Anas (RA) amesimulia kwamba Bi Aisha alikuwa na pazia lenye michoro, na Mtume akamtaka aliondoe kwa kuwa michoro yake ilikuwa ikimjia katika sala. Basi bibi anapolalamika kwamba macho ya kiumbe yanamshughulisha, si ukali wa kizee. Mwanasesere anayechezewa na mtoto ni jambo moja, na mwanasesere aliyewekwa juu mbele ya wanaosali ni jambo jingine. Katika nyumba ile suluhu ilipatikana usiku uleule: kiumbe akahamishiwa kwenye kikapu cha ukili katika chumba cha watoto. Bibi ameridhika, ila mpaka leo humwita “lile zimwi lenu”.

Suala la macho lina jibu ndani ya ufundi wenyewe. Macho huwekwa mwisho. Familia iliyoshika tahadhari inaweza kusimama hapo, kabla ya hatua hiyo, na isipoteze kitu, kwa sababu mhusika aliyebuniwa vizuri hutambulika hata kwa kivuli chake. Yule mzee mchawi wa filamu za The Lord of the Rings hujulikana kwa kofia na ndevu. Simba hujulikana kwa manyoya ya shingo. Mtoto akiambiwa amtengeneze mhusika wake asiye na uso, kisha nduguze wakamtambua mara moja, hilo ni fumbo zuri la mikono kuliko kunakili kila kitu.

Yupi basi wa kutengeneza? Mimi simo katika wale wanaoona kila filamu ya njozi ni mlango wa uchawi, wala simo katika wanaomwachia mtoto kila kinachopita kwenye kioo. Uchawi ni katika madhambi makubwa, na mtoto wa Kiislamu alijue hilo kabla hajamshonea mchawi kanzu. Lakini mzazi pia ajue anachokitazama. Simba Aslan wa filamu ya mwaka 2005 ya visa vya Narnia, kwa mfano, hana fimbo ya kichawi wala haogofyi, na wazazi wengi humwona kuwa ndiye salama kuliko wote. Kumbe mwandishi C. S. Lewis, aliyekuwa Mkristo wa dhati, alimbuni abebe maana ya Masihi anayekufa badala ya mwenye kosa na kufufuka. Kumtengeneza simba hakumtoi mtu katika dini. Kutojua ndiko kunakomfanya mzazi akose la kujibu siku atakayoulizwa.

Bundi mweupe wa filamu za Harry Potter ana kisa chake katika pwani yetu. Kwa ufundi ni mmoja wa wepesi kabisa: yai kubwa la sufu nyeupe, kichwa cha mviringo kisicho na shingo, mabawa mawili yaliyobanwa. Lakini mlete nyumbani uone. Atatokea mtu mzima atakayesema bundi ni ndege wa nuksi, akilia juu ya paa kuna msiba. Itikadi hiyo Mtume (SAW) aliikanusha kwa jina lake, kwa kuwa Waarabu wa Jahilia nao walikuwa na imani kama hiyo juu ya ndege wa usiku. Huenda mwanasesere wa bundi akawa somo la aqida ambalo hakuna aliyelitarajia.

Kwa anayeanza, mimi ningemshauri aanze na Totoro. Huyu ndiye yule kiumbe mkubwa wa manyoya katika filamu ya Kijapani Tonari no Totoro, yaani Jirani Yangu Totoro, iliyoongozwa na Hayao Miyazaki na kutoka mwaka 1988. Ni kisa cha madada wawili, Satsuki na Mei, wanaohamia shamba pamoja na baba yao ilhali mama yao amelazwa hospitali. Hakuna vita ndani yake wala adui. Kuna hofu ya watoto wanaoogopa kumpoteza mama, na dada mkubwa anayejikaza ili mdogo asilie. Watoto wetu wengi wanaijua hofu hiyo bila ya filamu.

Hata hivyo mzazi akae nao. Kuna mahali ambapo baba huwapeleka mabinti zake mbele ya mti mkubwa wa kafuri, wakasimama na kuuinamia kwa kuushukuru, na Totoro mwenyewe ameelezwa kuwa ni kama roho ya msitu. Katika desturi za Japani hilo lina mizizi yake. Kwetu sisi shukrani na kuinama vina mwenyewe. Simamisha filamu hapo, uliza: “Huu mti umeumbwa na nani?” Watoto watajibu wenyewe, na maneno hayazidi dakika mbili.

Haya, kazi. Kwa mwanasesere wa urefu wa sentimita 10 hivi, gramu 30 za sufu zatosha. Kiini chake kiwe sufu ya bei nafuu yenye nyuzi nzito kidogo. Ile laini sana ya kondoo wa merino huchukua muda mrefu kushikana na huonyesha matundu ya sindano. Sindano zinatambulika kwa namba, na namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: 36 ya kuanzia, 38 ya kuundia, 40 ya kusafishia uso wa kazi. Chini weka kipande kinene cha sponji la godoro ili ncha isigonge meza.

Sufu haikatwi kwa mkasi. Huvutwa taratibu kwa mikono miwili iliyoachana. Iviringe kwa kuibana, kama mtu anayekunja mkeka, huku ukidunga kila mzunguko. Sufu hunywea mno, basi anza na fungu karibu mara mbili ya ukubwa unaoutaka. Sindano iingie wima na itoke kwa njia ileile iliyoingilia. Ukiipinda ikiwa ndani, itavunjika. Hili ndilo kosa la mikono yenye haraka, na watoto wa kiume, nisamehewe, ndio wanaolifanya zaidi.

Utajuaje kwamba donge limeiva? Libonyeze kwa kidole gumba. Linatakiwa liwe kama embe bichi, si kama embe bivu. Likiwa laini mno, masikio na mikono haitapata pa kushika. Umbo lenyewe ni la peasi, juu jembamba, chini pana. Ulikwisha kuliunda, lifunike kwa sufu ya kijivu, tabaka nyembambanyembamba zinazopishana, moja ya wima na moja ya ulalo, hadi kiini kisionekane.

Masikio hutengenezwa pembeni, juu ya sponji, mawili yaliyosimama kama ncha za mkuki. Kanuni ya kuunganisha ni moja kwa kila kiungo: upande utakaogusana na mwili usidungwe, uache nyuzi zake zikiwa huru kama shada. Shada hilo hufunguliwa juu ya kichwa, hudungwa pande zote, na nyuzi za mwili na za kiungo huwa kitu kimoja. Kiungo kilichokwisha kuwa kigumu mpaka ukingoni hakiungiki. Kitang’oka siku ya kwanza. Vivyo hivyo mikono mifupi na mkia.

Kisha tumbo: duara la sufu ya rangi ya maziwa, na juu yake zile alama ndogo za kijivu zilizopinda kama vichwa vya mishale. Kila alama ni nyuzi chache zilizosokotwa kati ya vidole na kuzamishwa kwa sindano namba 40. Hapa ndipo utakapomwona mtoto akirudi kwenye filamu, akiisimamisha, akihesabu alama ni ngapi na zimepangwaje. Ameitazama mara kumi na hakuwahi kuziona. Sasa anaziona kwa kuwa mikono inazidai. Ukiniuliza faida ya kazi hii yote ni ipi, ningekuonyesha dakika hiyo.

Wakati wa kudunga, filamu izimwe. Nasema hivi kwa uzito: anayedunga huku akitazama kioo hudunga kidole, na vijino vya sindano hiyo huchana nyama. Vipo vifuniko vya ngozi vya kuvaa kidole gumba na cha shahada. Mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kuanza akiwa ameketi na mtu mzima, si peke yake. Sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake. Ncha ikivunjikia ndani ya donge, itafutwe mpaka ipatikane, na isipopatikana donge litupwe, hata kama lilikuwa karibu kukamilika. Wala mwanasesere wa namna hii asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu: nyuzi hunyonyoka mdomoni, na jicho la ushanga ni la kukaba koo.

Sufu tutaipata wapi? Kondoo wetu wengi, wale wekundu wa Kimasai na wale weupe wenye vichwa vyeusi wa Kisomali, wana nywele fupi na hawafai kwa kazi hii. Sufu halisi ipo kwenye nyanda za juu za Kenya, pande za Njoro na Nanyuki, ambako wapo akina mama wanaosokota uzi wa sufu kwa mikono na kufumia nguo na hata wanyama wa kuchezea. Sufu iliyonyolewa kwa kondoo aliye hai ni tohara bila hitilafu. Ndugu zetu walioko Muscat, London au Toronto watapata sufu ya rangi zote katika maduka ya kazi za mikono. Sindano kwa sasa huagizwa kwa njia ya intaneti, nazo hazina mbadala. Sindano ya kushonea haina vijino na haitafanya lolote.

Mwenye kipato kidogo aende kwenye mitumba. Sweta kuukuu la sufu tupu, likifumuliwa na kuchambuliwa kwa brashi mbili za waya, hutoa kiini kizuri. Soma lebo kwanza. Kama imekatika, mtu mzima achome uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele iliyoungua, moto huzima wenyewe ukiondolewa, na jivu lake husagika, uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jihadhari na sufu iliyotiwa dawa ili ifulike kwa mashine. Magamba yake yameondolewa au kufunikwa, na haitashikana vizuri.

Wapo akina mama watakaowaza biashara, na si vibaya. Ila hapa pana haki ya mtu. Totoro, Aslan na yule bundi wana wenyewe kisheria, na kuwauza bila idhini ni kuchukua kisicho chako, hata kama sufu ni yako na jasho ni lako. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka huohuo wa 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na alama za biashara ni mali inayolindwa na sheria na haifai kuzivamia. Wa nyumbani kwa mchezo wa mtoto, tengeneza. Wa kuuza, buni wako. Sungura wa hadithi zetu hana kampuni inayomdai, na farasi mwenye mabawa pia.

Mwisho ni utunzaji. Adui wa sufu ni nondo, na mayai yake huwa madogo kiasi cha kutoonekana mpaka matundu yatokee. Mwanasesere anayechezewa kila siku hana hofu hiyo sana. Aliyesahauliwa ndiye huliwa. Mtoe juani mara kwa mara, mkung’ute, mweke katika mfuko uliofungwa vizuri. Karafuu chache ndani ya kitambaa husaidia kidogo, na kwa wenzetu wa Unguja na Pemba si za kutafuta. Akichafuka afutwe kwa kitambaa chenye maji ya baridi, asitiwe katika maji ya moto wala mashine, maana atatoka nusu ya alivyoingia. Na akianza kutoka nywele baada ya miezi kadhaa, hajaharibika: rudi na sindano namba 40, mdunge kidogo palipolegea, mrudishe kikapuni.